Neno la Shukrani

Jumapili moja ya mwezi wa tatu, watoto wakiwa kwa bibi yao, nilikaa mezani sebuleni nikafungua faili la kumbukumbu za vikao vya bodi. Katibu wa kampuni alikuwa ametutumia fomu ya tathmini, ile ambayo kila mjumbe anajipima mwenyewe kwanza kabla wenzake hawajampima. Swali la nne liliuliza: katika kipindi hiki, mchango wako mkubwa kwenye bodi ni upi?

Nilitaka kujibu kwa ushahidi. Mimi ni mhasibu, na kwa miaka 19 nimezoea kwamba jambo lisilo na karatasi halipo. Nikaandika jina langu kwenye kisanduku cha kutafutia, nikabonyeza.

Lilitokea mara 15.

Mara nane ni kwenye orodha ya mahudhurio, maana vikao vilikuwa vinane na sikukosa hata kimoja. Mara nne: "alifungua kikao kwa sala." Mara tatu: "alitoa neno la shukrani kwa niaba ya wajumbe."

Mara ya 16 haikuwepo.

Nilifunga kompyuta nikaenda kuosha vyombo. Tangu siku ile jambo hili halijanitoka. Limenifuata kwenye foleni ya Barabara ya Bagamoyo, limenifuata hadi kanisani, na usiku mwingine limeniamsha saa tisa nikawa nahesabu vikao kama mtu anayehesabu fedha zilizopungua.

Sala siidharau. Ningeombwa tena kesho ningesali kwa moyo wote. Wala kushukuru si kazi ya chini kwetu. Mtu aliyelelewa vizuri anajua kushukuru. Kilichoniuma ni kwamba nilipoondoa sala na shukrani, kwenye karatasi sikubaki na kitu.

Dada yetu

Kampuni sitaitaja. Inauza pembejeo za kilimo, ina wajumbe tisa wa bodi, na wakati ule ilikuwa ikitafuta mkopo wa muda mrefu kutoka nje. Mkopeshaji alileta dodoso. Kisanduku kimoja kiliuliza wanawake kwenye bodi ni wangapi, na jibu lilikuwa sifuri. Miezi mitatu baadaye nikapigiwa simu.

Maswali ya aina hii sasa ni ya kawaida. Mwaka 2018, pembeni ya mkutano wa G7, kundi la nchi saba tajiri, huko Canada, mashirika ya fedha za maendeleo ya nchi hizo yalizindua mpango wa 2X Challenge, na kampuni inayotaka fedha kupitia mpango huo inaulizwa: mwenye kampuni ni mwanamke? Kwenye uongozi au bodi wako wangapi? Wafanyakazi je? Bidhaa zenyewe zinawafikia wanawake?

Sina kinyongo na dodoso. Bila lile dodoso simu yangu isingeita, na kile kiti kingekwenda kwa mtu aliyesoma na mmoja wao, kama vilivyokwenda viti vingine vitatu ninavyovijua. Hilo nalisema kwa wale wanaoniuliza kama niliingia kwa sifa. Sifa ninazo, vyeti vipo, na kazi niliyofanya inaonekana. Ila swali hilo sijawahi kusikia mwanamume yeyote mezani pale akiulizwa, hata yule aliyeingia kwa sababu alikaa bweni moja na Mwenyekiti.

Siku ya kwanza nilikaribishwa kwa furaha ya kweli. Mwenyekiti alisema, "Leo tumempata dada yetu." Wote wakapiga makofi. Tangu siku hiyo jina langu likawa Dada.

Mezani kuna Injinia, kuna Dokta wawili, kuna Mzee, na kuna mhasibu mwenzangu ambaye anaitwa CPA kila anapopewa nafasi ya kusema. Mtihani wa CPA aliofanya yeye nilifanya na mimi. Neno dada ni zuri, naitwa hivyo na watu ninaowapenda. Lakini ukiwa Dada kwenye meza ambayo wengine wanaitwa kwa taaluma zao, hata kazi unazopewa zinakuwa za dada.

Bodi yetu ina kamati tatu: Ukaguzi na Vihatarishi, Fedha na Uwekezaji, na Utumishi na Mahusiano ya Jamii. Niliwekwa kwenye ile ya tatu. Kamati ya Ukaguzi inaongozwa na Injinia.

Nilijiambia bado mgeni, muda utafika.

Mmoja kati ya tisa

Mwaka 1977 mwanasosholojia wa Marekani, Rosabeth Moss Kanter, alitoa matokeo ya utafiti alioufanya ndani ya kampuni moja kubwa ya huko. Alieleza kwamba kundi likiwa dogo sana, chini ya takriban asilimia 15 ya wote waliopo, aliye ndani yake haonekani tena kama yeye. Anakuwa kielelezo cha kundi lake. Hahitaji jitihada ili watu waone kwamba yupo. Inambidi ajitahidi sana ili watu waone alichofanya. Na wenzake humtafutia nafasi wanayoijua tayari nyumbani: mama wa kuwatuliza, mdogo wa kupendwa, au mwanamke chuma wa kuogopwa.

Mmoja kati ya tisa ni asilimia 11.

Niliposoma hayo kwa mara ya kwanza, miaka mingi kabla ya kuingia bodini, niliyaona kama habari za Marekani ya zamani. Niliyarudia mwezi wa tatu nikiwa na zile mara 15 mbele yangu.

Lakini hapa nilipaswa kuwa mkweli, na ukweli ulichukua wiki mbili kunifikia. Kumbukumbu za vikao vyetu hazitaji nani kasema nini. Zinaandikwa "wajumbe walijadili", "kikao kiliagiza", "ilishauriwa kwamba". Kwa hiyo kwanza nilijifariji: si mimi peke yangu, hata Injinia hatajwi.

Nikatafuta jina la Injinia.

Anatajwa. Wote wanatajwa, kwa sababu kuna mahali pamoja ambapo Katibu lazima aandike jina: pale mtu anapoleta hoja, na pale mwingine anapoiunga mkono. Kwa vikao vinane zililetwa hoja 31. Wajumbe wanane walizigawana hivi na hivi. Mimi sikuleta hata moja, na sikuunga mkono hata moja.

Hakuna aliyenikataza.

Hilo ndilo lililonisumbua kuliko sala na kuliko kamati. Ningeweza kuandika makala nzima juu ya wanaume wanane na nikapata makofi mengi, na mengi ya niliyoyaandika yangekuwa kweli. Lakini hoja haiombewi ruhusa. Unanyoosha mkono, unasema, "Mwenyekiti, natoa hoja." Maneno matatu. Kwa miaka miwili sikuyatamka.

Samahani, Mwenyekiti

Nitoe mfano mmoja, kwa sababu una gharama ya fedha.

Kwenye kikao cha tatu nilikuwa nimesoma makabrasha hadi usiku. Kampuni inauza mbolea na mbegu kwa mkopo kwa mawakala wa mikoani, na wao hulipa baada ya mavuno. Niliona madai yaliyopita siku 180 yameongezeka karibu mara mbili ndani ya mwaka, huku tengo la madeni yenye mashaka, yaani fedha zinazotengwa kufidia madeni yanayoweza yasilipwe, likiwa palepale. Mhasibu yeyote akiona hivyo anajua ama kuna watu hawatalipa, ama kuna mtu hataki faida ipungue kwenye taarifa.

Nilinyoosha mkono. Nakumbuka maneno yangu vizuri kwa sababu nimeyarudia kichwani mara nyingi: "Samahani Mwenyekiti, nilikuwa naomba tu ufafanuzi kidogo kwenye ukurasa wa 22, huenda mimi ndiye sijaelewa."

Nilikuwa nimeelewa kabisa.

Meneja wa Fedha akajibu kwa upole kwamba hao ni mawakala wa siku nyingi, msimu ukikaa sawa watalipa. Nikasema asante. Kumbukumbu zinasema: "Kikao kilipokea taarifa."

Robo mbili baadaye wakaguzi wa nje walilileta jambo lilelile kwenye barua yao kwa menejimenti. Tengo likaongezwa kwa mkupuo na faida ya mwaka ikaisha. Ule mwaka wafanyakazi wa ghalani hawakupata bonasi. Mjumbe mmoja aliuliza kwa hasira iweje bodi haikuliona hili mapema. Nilikuwa nimekaa hatua tatu kutoka kwake, nikiwa na kabrasha lile la zamani ambalo ukurasa wa 22 nilikuwa nimeuzungushia kalamu nyekundu.

Kwa nini niliomba ufafanuzi badala ya kutoa hoja? Nimejiuliza sana. Jibu ninaloliamini leo ni kwamba nilikuwa nimebeba mzigo ambao CPA mwenzangu hakuubeba. Yeye akikosea, amekosea yeye. Mimi nikikosea ile hesabu mbele ya watu wale, nilihisi kosa lingeandikwa kwa wanawake wote ambao hawajaingia bado. Kwa hiyo nilichagua kutokosea, na njia ya uhakika ya kutokosea ni kutosema jambo lolote linaloweza kupimwa.

Sala haina makosa. Neno la shukrani halina makosa.

Norway, na dodoso linapofutwa

Watu wengi tunaozungumzia jambo hili tunakimbilia Norway, na mimi pia. Mwaka 2002 waziri wa biashara na viwanda, Ansgar Gabrielsen, mtu wa chama cha kihafidhina ambaye wengi hawakumtarajia, alitangaza kwamba bodi za kampuni kubwa zitakuwa na angalau asilimia 40 ya kila jinsia. Sheria ilipita mwaka 2003. Kampuni zikapewa muda wa kujirekebisha kwa hiari, nyingi hazikujirekebisha, ndipo sheria ikawa ya lazima kuanzia 2006 na mwisho wa mchezo ukawekwa 2008: usipotimiza, kampuni inaweza kuvunjwa. Wakatimiza. Baadhi ya kampuni zilibadili aina ya usajili, na ikasemwa zilikimbia sheria.

Waliopinga sheria walitumia maneno ambayo tungeyasikia hata Posta na Masaki: wanawake wenye sifa hawatoshi. Baadaye mchumi Marianne Bertrand na wenzake walichunguza kilichotokea. Waligundua kwamba wanawake walioingia baada ya sheria walikuwa na sifa kubwa kuliko wale wachache waliowatangulia. Sifa zilikuwepo siku zote, ila hazikuwa zimetafutwa.

Lakini utafiti huohuo ulitoa jambo la pili, na watetezi wenzangu hatulipendi. Wanawake waliokuwa chini ndani ya kampuni zile, mameneja na maofisa, hawakuonekana kunufaika kwa sababu juu yao bodi ilikuwa imebadilika. Viti vilijaa, ngazi ikabaki vilevile.

Naliamini hilo kwa sababu nimeliona. Katika kampuni yetu mameneja wa kanda ni saba, wote wanaume, walivyokuwa kabla sijaja. Kuna afisa mmoja wa mauzo kule Mbeya, binti hodari, ambaye taarifa zake ni safi kuliko za wote. Mimi niko kwenye Kamati ya Utumishi. Jina lake sijawahi kuliuliza kikaoni.

Kutoka Norway tulipata pia kitu chenye faida. Chama cha waajiri cha kule kilikuwa na mafunzo ya kuwaandaa wanawake kwa uongozi na bodi, na mafunzo hayo yakafika kwa waajiri wa Uganda, Kenya na hapa kwetu, ambako Chama cha Waajiri Tanzania (ATE) wanayaita Mwanamke Kiongozi. Rafiki zangu wawili wameyapitia. Mmoja aliniambia kilichomsaidia zaidi ni kukutana chumba kimoja na wanawake thelathini ambao hawakuhitaji kuelezwa tatizo.

Majirani zetu Wakenya waliandika kwenye Katiba yao ya 2010 kwamba chombo cha kuchaguliwa au kuteuliwa kisiwe na zaidi ya theluthi mbili ya jinsia moja. Miaka kumi baadaye, Septemba 2020, Jaji Mkuu David Maraga alimshauri Rais avunje Bunge kwa kushindwa kutunga sheria ya kutekeleza kanuni hiyo. Bunge halikuvunjwa.

Na huko Marekani upepo umegeuka. Mwezi wa kwanza 2020 benki ya Goldman Sachs ilitangaza kwamba haitaisaidia kuingia kwenye soko la hisa kampuni ambayo bodi yake nzima ni wanaume weupe. Mwezi wa pili 2025 ikaachana na sharti hilo. Kanuni ya soko la hisa la Nasdaq iliyodai kampuni zieleze muundo wa bodi zao ilifutwa mahakamani Desemba 2024. Mimi nasoma habari hizi kwa jicho la mtu aliyeingia kwa dodoso. Siku kisanduku kile kikiondolewa kwenye fomu, mimi ni mjumbe wa bodi kwa sababu gani?

Kumbukumbu za vikao, kama zilivyo, zina majibu mawili tu.

Shangazi

Nilimpelekea shangazi yangu jambo hili. Yeye alikuwa diwani wa viti maalum mkoani Morogoro kwa vipindi viwili, na naye alisemwa kila aina ya maneno: wa kubebwa, wa kupewa, hana kata. Maneno hayo yanafika hadi juu. Mbunge wa viti maalum anaweza kuwa waziri, lakini Katiba yetu inataka Waziri Mkuu atokane na wabunge wa kuchaguliwa majimboni.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Umekonda."

Nilimweleza yote. Hakuniuliza kuhusu sala. Hakuniuliza wananiitaje. Aliuliza kitu kimoja:

"Wamekuweka kamati gani?"

Nikamwambia. Akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyekumbuka, kisha akanisimulia. Mwaka wa kwanza alipangwa Kamati ya Kudhibiti UKIMWI. Akafanya kazi yake vizuri, maana watu walikuwa wanakufa na haikuwa kazi ya kudharau. Lakini aligundua kila wanachokubaliana kule kinapelekwa Kamati ya Fedha, Uongozi na Mipango, na kule kinakatwa. Akaomba kuingia Fedha. Akaambiwa nafasi hakuna.

"Nikaenda nikasoma kanuni," alisema. "Usiku, na tochi, umeme ulikuwa umekatika. Nikakuta wenyeviti wa kamati zote wanaingia Fedha moja kwa moja. Basi nikaacha kuomba kiti cha Fedha. Nikagombea uenyekiti wa Elimu, Afya na Maji. Nikaupata kwa kura mbili. Wiki iliyofuata nikakaa Fedha, na hakuna aliyenikaribisha."

Kisha akanitazama. "Wewe umesoma kanuni za bodi yenu?"

Nilikuwa nimezisoma siku niliyoteuliwa, kama mtu anavyosoma masharti ya benki. Nilirudi nyumbani nikazisoma tena. Kifungu cha Kamati ya Ukaguzi kinasema kwamba angalau wajumbe wawili wawe na taaluma ya uhasibu au ukaguzi. Aliyemo ni mmoja.

Kifungu hicho kilikuwepo muda wote.

Siku ya wakili

Sasa nifike mahali ambapo nimekuwa nikizunguka tangu mwanzo. Ndipo panaponipa aibu.

Mwaka jana mjumbe mmoja alistaafu. Kwenye mapendekezo ya kujaza nafasi yake kulikuwa na majina matatu, na moja lilikuwa la mwanamke, wakili mwenye uzoefu mrefu wa sheria za kampuni na mikataba ya ardhi. Namfahamu. Mwaka ule kampuni ilikuwa na kesi mbili za maghala, na wakili hatukuwa naye hata mmoja mezani.

Jina lake liliposomwa, mjumbe mmoja alisema bila ubaya wowote, "Lakini dada tunaye tayari."

Kukawa kimya kidogo. Wakanigeukia.

Mwaka 2018 serikali ya Uingereza ilichapisha sababu ambazo viongozi wa kampuni kubwa walizitoa kwa nini hawana wanawake kwenye bodi. Mmoja alisema mwanamke mmoja wanaye tayari, kwa hiyo wamemaliza, sasa ni zamu ya wengine. Niliwahi kuisoma orodha hiyo kwa sauti mbele ya vijana chuoni, nikiwa nimekasirika.

Mezani pale, siku ile, sikusema kitu.

Nilitazama kabrasha langu. Mwenyekiti akasubiri kwa sekunde kadhaa, nadhani alikuwa ananipa nafasi, kisha akaendelea na jina linalofuata.

Nimejitetea kwa njia nyingi tangu hapo. Kwamba ningeonekana nampigia debe mwenzangu. Kwamba aliyechaguliwa naye ni mtu mzuri. Yote mawili yana ukweli ndani yake. Lakini chini kabisa kulikuwa na jambo jingine, na nililiona waziwazi usiku mmoja wa mwezi wa nne: nilikuwa nimeanza kupenda kuwa peke yangu. Kuwa wa pekee kuna joto lake. Unaalikwa kwenye makongamano, picha yako inawekwa kwenye ripoti ya mwaka ukurasa wa tatu, watoto wa kike wanakuandikia. Wakija wawili, joto linagawanywa.

Na hapo ndipo nilipoelewa kitu kuhusu danganya toto hii ya mwanamke mmoja mmoja. Haihitaji watu wabaya. Inahitaji tu kwamba yule mmoja apewe cha kutosha asitake kumwona wa pili.

Watafiti watatu wa Amerika Kaskazini, Kramer, Konrad na Erkut, waliwahoji wanawake 50 wa kwenye bodi za kampuni, wakatoa ripoti mwaka 2006. Mmoja hutazamwa. Wawili wakikubaliana hutiliwa shaka kwamba wamepanga. Wanapofika watatu, jinsia huacha kuwa habari, na mjumbe anasikilizwa kwa alicholeta. Kwenye bodi yetu ya watu tisa, watatu ni theluthi moja. Mwaka jana tulikuwa tumekaribia wawili, na aliyeufunga mlango kwa kunyamaza ni mimi.

Ajenda namba saba

Mwezi wa tano nilimwandikia Katibu barua, nakala kwa Mwenyekiti. Niliomba mambo mawili yaingie kwenye ajenda, na nilisisitiza yasiwekwe kwenye Mengineyo, maana Mengineyo hufikiwa saa nane mchana watu wakiwa wameshashika funguo za magari. La kwanza: muundo wa Kamati ya Ukaguzi kwa mujibu wa kanuni zetu wenyewe. La pili: utaratibu wa kutafuta wajumbe wapya, ikiwemo nafasi itakayokuwa wazi Desemba.

Yakawa ajenda namba saba na namba nane.

Nilipofika kwenye namba saba moyo ulikuwa unadunda hadi nikahisi masikioni. Mwenyekiti alisema, "Karibu, Dada." Nikasema, "Mwenyekiti, natoa hoja." Nikasoma kifungu. Nikaeleza ukurasa wa 22, na kalamu nyekundu, na kwamba sikusema nilichokijua na kampuni ikalipia. Sikuwa nimepanga kusema hilo la mwisho, lilitoka.

Aliyeunga mkono alikuwa Mzee, mtu ambaye kwa miaka miwili sikumsikia akisema zaidi ya "nakubaliana na waliotangulia". Hoja ikapita. Injinia anabaki mwenyekiti wa kamati, na mimi ni mjumbe. Alinifuata kwenye chai akaniomba nimwoneshe lile kabrasha, tukakaa nalo dakika ishirini. Si mtu mbaya. Alikuwa amepewa kazi ambayo hakuisomea na hakuna aliyemsaidia.

Namba nane haikupita. Iliahirishwa hadi Septemba ili "menejimenti ilete mapendekezo". Nilirudi nyumbani sijui kama nimeshinda au nimeshindwa, na hadi sasa sijui.

Juzi nilimpigia simu yule wakili. Nilimweleza kilichotokea mwaka jana, kwamba jina lake lilifika mezani, kwamba walinigeukia, na kwamba nilinyamaza. Alikaa kimya muda mrefu mpaka nikadhani simu imekatika.

"Kwa nini unaniambia sasa?" aliuliza.

"Kwa sababu Desemba kuna nafasi, na sitaki uikubali ukidhani mimi ni mtu ambaye sikuwa."

Hakusema amenisamehe. Aliuliza kesi za maghala zimefikia wapi. Nikamwambia ninachoruhusiwa kumwambia. Akaniuliza wanawake tutakuwa wangapi akikubali, nikamjibu wawili.

"Haya," alisema. "Sisemi ndiyo. Nataka kwanza kuona hesabu zenu zilizokaguliwa za miaka mitatu, ndipo tuzungumze."

Nimeziomba kwa Katibu leo asubuhi.